Sanda ya Chaurembo

Alhamisi hiyo Nyamizi alishika kalamu yake ya wino mzito, akakosa pa kuandikia.

Kila mwezi sanduku la dawa la mtani wake Chaurembo lilipita mbele yake katika chumba cha baridi cha ghala la Malolo, nje kidogo ya mji wa Tabora, na kila mwezi aliliandikia maneno. Mwezi uliopita aliandika, "Mzaramo, dawa hii haiponyi uvivu." Mkono wa chuma ulitua sanduku mezani, yeye akaweka kidole kuhakikisha ubaridi haujapotea njiani, kwa sababu sheria bado ilidai dawa ipitiwe na kidole cha binadamu kabla ya kwenda kwa mwenyewe. Kisha alichomoa kalamu kwenye nywele na kuchafua kadibodi. Jioni Chaurembo alipiga simu kumrudishia. "Mpagazi wangu, mzigo umefika, ila umenuka jasho lako." Ndivyo walivyoishi, Mnyamwezi na Mzaramo, nyumba zao zikitazamana katika mtaa mmoja wa Gongoni.

Leo masanduku yalipita yote, yakaisha, na la Chaurembo halikuwemo.

Nyamizi alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikwenda hadi mlango wa kupakilia, akayatazama malori yasiyo na dereva, ambayo watu wa mji waliyaita mabubu, akarudi mezani. Alitaka kujiambia kwamba sanduku limechelewa. Lakini nani aliwahi kusikia Mkondo umechelewa? Mkondo, mtambo uliowagawia watu mahitaji yao yote, ulikuwa umewaondolea hata kazi ya kuagiza. Ulijua chumvi ya nyumba yako inakwisha lini, ulijua nani ana mimba kabla mama mkwe hajanong'onezwa, na kitoroli kinachojiendesha kilisimama kwenye kasha la mlangoni mwako kabla hujakumbuka kwamba una shida. Maduka ya Gongoni yalikuwa yamegeuka vibanda vya vinyozi na vya kuchezea bao. Hospitali zilifunga stoo zao za dawa, maana siku hizi dawa haikulala mahali, ilipita tu. Watu walisema raha iliyoje. Nyamizi naye alisema hivyo, tena kwa mdomo mpana, maana Mkondo ndio uliomlisha.

Akachukua kishikwambi cha kazini, akautafuta mlango wa Chaurembo, maana Mkondo uliwajua watu kwa milango yao.

"Hali ya mlango: msiba," kishikwambi kilionyesha. "Dawa: imesitishwa."

Asubuhi ileile alimwona Chaurembo kibarazani akipiga mswaki, akitema povu upande wa nyumba yake kwa makusudi. Mtu wa namna hiyo si maiti.

Kisha akakumbuka sanda.

Ilikuwa wiki mbili nyuma, kwenye mazishi ya mjomba wake. Chaurembo alifika kama mtani anavyotakiwa kufika. Alivaa kofia ya marehemu, akashika fimbo ya marehemu, akatembea mbele ya turubai kwa ule mwendo wa marehemu wa kuburuza mguu, hadi wajane wakacheka huku machozi yanawatoka. Jeneza lilipoinuliwa akajilaza njiani. Hapiti mtu, alisema, mpaka apewe jogoo, na asiwe jogoo mgonjwa kama wale wa Kinyamwezi. Walimpa jogoo. Nyamizi, aliyekuwa amelia tangu alfajiri, akaona hawezi kushindwa mbele ya ukoo mzima. Akainua kishikwambi chake juu watu wakione. "Mzaramo, zamu yako inayofuata. Naagiza sasa hivi." Akaagiza sanda, pamba, ubani na marashi, vipelekwe mlangoni kwa Chaurembo. Watu walivunjika mbavu. Sanda ilipofika, Chaurembo aliitupia begani na kupita nayo mtaani akijivuna, akisema mpagazi wake amemvisha.

Huo ulikuwa utani. Lakini Mkondo ulisoma nini? Ulisoma mtu wa makamo, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi. Ulisoma sanda iliyoagizwa kwa kishikwambi cha mtumishi wa ghala, ambacho neno lake lilikuwa na uzito kuliko simu ya raia. Ulisoma kwamba agizo lilitoka mahali penye turubai, kahawa na watu wengi waliokaa chini. Kicheko hakina kipimo, kwa hiyo kicheko haukukisoma.

Alijaribu kufuta agizo. Kishikwambi kikamuuliza kwa adabu, "Je, msiba umeahirishwa hadi tarehe gani?" Alitafuta kitufe kingine, hakikuwepo.

*

Aliyepokea simu makao makuu Dodoma alikuwa Lutengano, msimamizi wa dawa za kanda, mtu ambaye Nyamizi alimjua kwa sauti tu.

"Pole kwa msiba, dada Nyamizi. Marehemu ni nani kwako?"

"Hakuna marehemu. Asubuhi alikuwa anapiga mswaki."

"Sasa sanda uliagiza ya nini?"

"Utani, kaka. Ni mtani wangu, Mzaramo."

Lutengano akacheka, kicheko cha kweli cha mtu aliyekulia kwenye mambo hayo. Kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Mimi nimekuelewa," alisema. "Mkondo ndio haujakuelewa."

"Basi rudisha sanduku lake."

"Si lake tena. Unajua mwaka huu dawa ya sukari ni ya kugombania, na watu wako foleni. Mlango wa Chaurembo ulipoingia msiba, sanduku likashuka kwa aliyefuata. Liko hapohapo kwako, safu ya pili. Linaondoka na bubu la jioni kwenda Urambo."

Nyamizi akageuka. Safu ya pili, sanduku jeupe kama mengine. Alikuwa ameliwekea kidole mwenyewe muda mfupi uliopita bila kulifikiria. Aliinama kusoma. Kabula, miaka minane, Urambo.

"Mtoto," alisema.

"Ameanza kuugua juzi. Hospitali walimpa za kuanzia, zinakwisha. Dada, ukilirudisha lile kwa mzee wako, mtoto anarudi foleni, na foleni sijui inasogea lini. Kamati ya marekebisho inakaa mwisho wa mwezi. Andika maelezo, nitayafikisha mimi mwenyewe."

"Na akifa kabla ya mwisho wa mwezi?"

"Basi Mkondo utakuwa haukukosea," Lutengano alisema polepole, na alisikika kama mtu mwenye aibu.

*

Saa ya mapumziko haikumtosha, lakini alipanda pikipiki ya umeme akaenda Gongoni hivyohivyo, na aproni yake ya ghala mwilini.

Kitoroli kilikuwa kinashusha sukari kwa Chaurembo. Ukumbi mzima ulijaa. Viroba vya unga vilipangwa hadi dirishani, mchele, majani ya chai, vikombe vya karatasi, hata mkaa. Mkondo ulikuwa unawahudumia waombolezaji. Katikati ya mali yote hiyo alikaa Chaurembo mwenyewe, sanda ameikunja vizuri na kuikalia, jagi la maji mkononi. Alikunywa, akamimina tena, akanywa.

"Karibu, mpagazi," alisema. "Umekuja kunizika au kunisaidia kula?"

Chaurembo akamtazama usoni, akaweka jagi chini. Mkewe, Mwamvua, alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Sanduku halijaja leo," Mwamvua alisema. "Nilitaka kukuuliza wewe uliyeko huko. Kalamu ya sindano iliyobaki inaelekea mwisho, na tangu juzi ananyofoa kidogokidogo eti anabana matumizi. Kiu imemshika."

Basi Nyamizi akawaeleza. Aliwaeleza yote, ya sanda, ya msiba usio na maiti, ya Dodoma, na ya mtoto wa Urambo. Alisema akiwa amesimama. Alipomaliza alisema, "Nimekuua kwa mdomo wangu, mtani."

"Kwa kidole," Chaurembo alimsahihisha. "Mdomo wako haujawahi kuua hata nzi."

Hakuna aliyecheka. Chaurembo alilikuna goti lake.

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Kabula."

"Mnyamwezi."

"Nadhani."

"Mtani wangu, basi." Akavuta jagi tena. "Liache liende."

Mwamvua aliitupa kanga juu ya kiroba cha unga. "Liende?" alisema, bila kupandisha sauti. "Wewe ni nani wa kusema liende? Umeniuliza mimi? Miaka ishirini nakuchoma sindano, leo unagawa kama karanga. Na wewe Nyamizi, nyinyi na utani wenu. Mnalala njiani, mnavaa kofia za wafu, mnacheka, sisi wengine tunakaa pembeni tunatabasamu. Sasa nicheke tena? Niambie nicheke wapi hapo."

"Dada Mwamvua, nisamehe."

"Sitaki msamaha. Nataka sanduku."

"Ni mtoto wa miaka minane, Mwamvua," Chaurembo alisema.

"Nimesikia umri wake. Mimi ni mzazi, usinifundishe huruma. Namwonea huruma mpaka kifua kinauma, na bado nataka sanduku." Akakaa juu ya kiroba, na sasa alikuwa analia. "Nenda kazini, Nyamizi. Ukibaki hapa nitakwambia maneno ambayo hayarudi."

Nyamizi alitoka. Kibarazani alimsikia Chaurembo akimwambia mkewe kitu kwa sauti ya chini, na Mwamvua akimjibu kwamba anyamaze anywe maji yake.

*

Chumba cha baridi kilikuwa kimya, ila mlio wa mapangaboi na mkono wa chuma ukipanga masanduku ya jioni. Nyamizi alilitoa sanduku la Kabula kwenye safu, akaliweka mezani, akalitazama. Alilirudisha kwenye safu. Alizunguka meza. Alilitoa tena.

Alijua njia ya kulichukua lote. Ilikuwa njia rahisi mno. Kishikwambi chake hakikuweza kumfufua mtu, lakini kiliweza kumwua mtu mwingine. Sanda moja kuelekea mlango fulani Urambo, na sanduku lingekosa mwenyewe. Kulibeba kwenda Gongoni baada ya hapo lingekuwa jambo la dakika. Na hakuna ambaye angejua, kwa sababu Mkondo haukuwahi kumuuliza mtu kwa nini. Alikitazama kidole chake. Akakifungia kishikwambi kwenye droo ya meza na ufunguo akautupa chini ya rafu, mbali, mahali ambapo angehitaji kulala kifudifudi ili aupate.

Kwa hiyo ikabaki njia ya pili, ya kulifungua na kutoa nusu, nayo ilikuwa na bei yake.

Kila sanduku lilipimwa uzito lilipoingia mikononi mwa mtu na lilipotoka. Uzito ukipungua, aliyelishika mwisho ndiye mwizi, na hapakuwa na polisi wala mabishano. Mlango wake ulifungwa mpaka kesi isikilizwe. Kitoroli kingepita mlangoni mwake bila kusimama. Unga, sabuni, mafuta ya kupikia, vyote vingepita kwenda kwa jirani. Nyamizi alikaa na mama yake, ambaye asubuhi hakuamka bila uji. Aliliwaza hilo, akaogopa. Aliogopa kweli, siyo kidogo, hadi akajikuta anapanga upya kalamu na gundi mezani bila sababu.

Honi ya bubu ikalia nje. Upakiaji ulikuwa unaanza.

Alichana utepe. Sauti yake ilikuwa ndogo tu, ya karatasi, lakini mkono wa chuma uliganda hewani na taa ya meza ikabadilika kuwa nyekundu. Ndani mlikuwa na kalamu nne za sindano zimelala kwenye sponji. Alitoa mbili. Mbili aliziacha. Nusu kwa mtoto, nusu kwa mzee, na hakuna kati yao ambaye nusu hiyo ingemfikisha mbali, lakini wote wangefika kwenye kikao cha kamati wakiwa hai na midomo ya kujieleza. Hakuwa na uhakika kama hiyo ndiyo haki. Alikuwa na uhakika tu kwamba hawezi kumchagua mmoja.

Alilifunga sanduku kwa gundi, akachomoa kalamu kwenye nywele, na safari hii akapata pa kuandikia. "Mama Kabula, hii ni nusu. Nusu nyingine ameazima mzee mmoja mvivu wa Tabora. Hamjaibiwa na Mkondo, mmeibiwa na mimi, Nyamizi wa ghala la Malolo. Andikeni kwa kamati leo hii, msingoje." Akalipeleka kwa miguu yake mwenyewe hadi kwenye bubu, kwa sababu mkono wa chuma ulikataa kuligusa.

Zile kalamu mbili za sindano alizitia kwenye chupa ya chai yenye maji ya baridi, azipeleke kwa Chaurembo. Alipopita getini, lango likamwita kwa jina lake kamili na kumtakia jioni njema.

*

Kufikia Jumatatu taa ya kasha la mlangoni mwake ilikuwa imezimika. Vitoroli vilikuja mtaani kama kawaida, vikasimama kwa huyu na yule, vikafika kwake vikaongeza mwendo. Nyamizi alisugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Aliikung'uta ndoo ya unga, akapata wa kijiko, akaukoroga uji mwepesi wa mama yake hadi ukawa maji yenye rangi.

"Uji wa leo umesafiri mbali," mama yake alisema, akaunywa wote.

Majirani walichungulia, wakajificha. Walikuwa wamesikia kwamba anayemsaidia mtu aliyefungiwa naye hufungiwa. Nyamizi hakujua kama ni kweli, wala hakuwalaumu. Lutengano alikuwa ametuma ujumbe mfupi kwamba maelezo yameingia kwenye kamati, na kwamba kutoka Urambo yamefika mengine, yameandikwa kwa ukali sana na mama mmoja asiyejua kuremba maneno. "Haya yatasaidia," aliandika, "lakini sikuahidi kitu." Nyamizi aliusoma ujumbe huo mara nyingi, kila mara akiutafutia neno jema zaidi kuliko lililokuwepo.

Alikuwa kibarazani, anakaa na kuinuka, mlango wa ng'ambo ulipofunguka.

Chaurembo alitoka amebeba mzigo kichwani. Mzigo ulikuwa mweupe, mkubwa, umefungwa kwa fundo la nguvu, na shingo yake nyembamba ilitetemeka chini yake. Mwamvua alisimama mlangoni nyuma yake, mikono kiunoni. Hakutabasamu. Lakini ni yeye aliyekuwa amelifunga lile fundo, maana Chaurembo hakuwahi kufunga kitu kikafungika. Mtani alivuka njia polepole katikati ya vitoroli, navyo vikamzunguka vikitafuta njia nyingine. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Alifika, akapiga goti, akautua mzigo mbele ya Nyamizi kwa kishindo, na vumbi la unga likatoka kwenye nguo.

Alikuwa anahema, lakini midomo yake haikuwa mikavu kama siku ile ya jagi la maji.

"Unga," alisema. "Na mchele, na sukari. Matanga yangu yamezidi, wageni hawaji. Wanasema marehemu anapiga kelele."

Nyamizi alitazama ile nguo. Aliijua. Aliiagiza mwenyewe.

"Mtani, hii si ndiyo sanda yako?"

"Sasa ulitaka niubebee kwenye nini, kofia?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Kula, mpe mama uji wa maana. Mkondo ukiuliza, mwambie unakula msiba, ni haki yako. Babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu vichwani, sisi tukawalisha, ndiyo utani ulianza hapo. Na leo mpagazi ni mimi. Usizoee."

Nyamizi akacheka, na katikati ya kicheko akaona analia, na vyote viwili vikamjia kwa pamoja kama siku ile ya mjomba. Hakuvizuia. Mama yake aliita kutoka ndani akitaka kujua nani amekufa. Hakuna, mama, alijibu.

Kisha akachomoa kalamu kwenye nywele, akavuta pembe ya sanda iliyobaki safi juu ya fundo, na mbele ya mtaa mzima akaandika kwa herufi kubwa: "Mwenye nguo hii hana haraka."